Matundu ya Sindano

Ofisa Yeremia wa uhamiaji Mwanza alilisukuma jalada kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani yenye nzi.

"Weka sahihi hapo chini, Inspekta. Mpelelezi amezikagua stakabadhi, mpelelezi amethibitisha ni za kughushi. Kesho jioni mtu wetu anapanda treni, huko Dar watamalizana naye."

Inspekta Malimi hakuishika kalamu. Alilifungua jalada.

Juu kabisa ilikaa nakala ya barua ambayo ofisi ile ilimwandikia Abdillah Muhidin, fundi cherehani wa Magu. Mtu asiyejitaja jina alikuwa ameandika kwamba fundi huyo ni mgeni aliyeingia nchini kimyakimya. Basi Abdillah akatakiwa alete uthibitisho wa kulipa kodi ya maendeleo kwa miaka yote anayodai kuishi hapa. Baba yake alikuwa Mwarabu mwenye duka la chumvi, mama yake Msukuma, na yeye mwenyewe kitovu chake kimezikwa Magu. Lakini ndivyo ilivyokuwa baada ya soko huria kutangazwa: mzaliwa wa Magu alitakiwa athibitishe kwa karatasi kwamba yupo, na aliyeshuka jana kwenye ndege na mkoba wa ngozi akapewa kiti na soda.

Chini ya barua zilibanwa stakabadhi tisa.

"Zitazame mwenyewe," Yeremia alisema. "Miaka tisa, mwandiko mmoja, wino mmoja. Hata mtoto wa darasa la pili angezikamata."

"Hapo ndipo ninaposhangaa. Mtu anayeghushi huwa anataka kudanganya. Hizi zimetengenezwa ili zikamatwe."

"Au fundi wako ni mjinga."

"Alizileta mwenyewe?"

Yeremia alikoroga chai. Dirishani upepo wa ziwa uliingiza harufu ya mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachuna minofu. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya. Mifupa ilianikwa juani, na watu waliokuwa wakila samaki mzima tangu enzi za babu zao sasa walipanga foleni kununua vichwa. Mwaka sabini na nne, wakati wa vijiji vya ujamaa, waliwapakia watu kwenye malori wakawaambia wanapelekwa kwenye maendeleo. Safari hii hawakupakia mtu. Walipakia samaki.

"Mara ya kwanza alizileta mwenyewe," Yeremia alisema. "Kila moja kaishonea kitambaa cha kaki kwa nyuma, kama kiraka cha suruali. Nikamwambia hapa si kwa fundi, hatufaili vitambaa. Akabandue kwanza."

"Ulizisoma?"

"Nisome nini? Zilikuwa zinanuka jasho."

"Kwa hiyo ulizinusa, ila hukuzisoma."

"Inspekta, mimi napokea watu siku nzima."

"Na mara ya pili?"

"Zililetwa na Revocatus. Yule wakala wa samaki mwenye pikapu, ni jirani yake. Bahasha imefungwa. Nimeifungua mbele yake na mbele ya Selina wa taipu, tukacheka wote."

Malimi alichomoa stakabadhi moja, akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga.

"Unaona nini?"

"Karatasi."

"Huoni matundu. Karatasi iliyoshonwa kwenye kaki ikabanduliwa, inabaki na matundu ya sindano pande zote. Hii haijawahi kukutana na sindano. Hizi sizo alizokuletea mara ya kwanza."

Kijiko kikasimama kikombeni. "Unanituhumu mimi?"

"Mimi nimetaja karatasi. Wewe ndiye umejitaja."

Viatu vya Yeremia vilikuwa vipya, vya ngozi, na havikufanana na mshahara wa serikali wa mwaka ule. Malimi aliviweka kichwani, akachukua kofia yake.

"Treni ni kesho jioni," Yeremia alimkumbusha.

"Nimesikia."

*

Mahabusu Abdillah alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, akisokota uzi alioufumua kwenye pindo la shati lake. Mikono iliyozoea kazi haikubali kukaa bure.

"Shikamoo, mzee," Malimi alisema.

Koplo wa zamu alimtazama mkuu wake kwa mshangao. Si kawaida mpelelezi kumwamkia mtuhumiwa.

"Marahaba, baba. Umekuja kunipakia?"

"Nimekuja kuuliza vitambaa. Kwa nini ulizishonea kaki zile risiti?"

Mzee alicheka kidogo bila kufungua mdomo. "Nikikujibu hilo, si nitakuwa nimejifunga mwenyewe?"

"Umeshafungwa, mzee."

"Kweli." Abdillah aliuzungusha uzi kidoleni. "Unaujua msako wa kodi?"

Malimi aliujua. Nani Usukumani hakuujua? Mgambo wanafunga barabara asubuhi, wanaume wanaruka madirishani, wanalala kwenye majaruba ya mpunga mpaka tope linawaingia masikioni. Anayekamatwa bila stakabadhi anafungwa kamba na wenzake, wanatembezwa mjini wake zao wakiona. Kodi ilikuwa ya maendeleo, na zahanati haikuwa na hata bandeji.

"Mgambo hasomi jina," Abdillah aliendelea. "Anaangalia rangi ya karatasi ya mwaka. Sasa mimi kodi nalipa mapema, maana uso wangu huu unanitangaza, siwezi kujificha kwenye jaruba nikafanana na mpunga. Majirani pamba yao inachukuliwa kwa mkopo, hela haiji. Msako ukija wananiazima. Mmoja anavuka, anairudisha kwa mlango wa nyuma, mwingine anavuka nayo. Kwa mwaka mmoja karatasi inapita mifuko mingapi? Ingechanika. Ndiyo nikaishonea kaki."

"Nani na nani waliazima?"

"Majirani."

"Majina, mzee. Mtu mmoja tu aje aape kwamba aliziona, zina jina lako na mhuri wa halmashauri, na kesho hupandi treni."

"Akiapa hivyo si anajishitaki kwamba hakulipa? Ana watoto." Abdillah alitikisa kichwa. "Hapana, baba. Majina sina."

"Vitambaa vilibanduliwa na nani?"

"Mke wangu, Moza, kwa wembe. Nikazitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa uji wa muhogo. Moza alikuwa msibani. Revocatus akapita na gari, nikampa dirishani. Huyo hana shida, amekulia mlangoni kwangu."

"Aliwahi kuazima?"

Abdillah aliendelea kusokota uzi.

*

Asubuhi Malimi alishuka Magu kwenye basi la Musoma. Idara haikuwa na petroli. Ilikuwa na Landrova mpya ya msaada iliyoegeshwa juu ya matofali.

Moza alikuwa barazani na cherehani, akipiga pasi sare ya shule kwa pasi ya mkaa. Hakusimama.

"Kama umekuja kupekua, wenzako walishapekua. Wamechukua hata picha ya harusi, wanasema kilemba cha baba mkwe ni ushahidi."

"Shikamoo, mama. Nimefuata vitambaa."

"Vitambaa vya nini?"

"Vya kaki, ulivyobandua kwenye risiti."

Moza alimtazama, kisha akautazama mkono wake mwenyewe. Mpini wa pasi ulikuwa umeshikwa kwa kitambara kinene, kimekunjwa tabaka juu ya tabaka na kushonwa kwa mashono makubwa.

"Kwa fundi hakitupwi kitu," alisema. "Pasi inachoma, nimevifanya kishikio."

Akakata mashono kwa wembe. Tabaka za juu zilikuwa zimeungua, zikavunjika kama majani makavu. Malimi alizitazama zikivunjika moja baada ya nyingine. Kitambaa cha mwisho, cha chini kabisa, kilikuwa kizima. Kilikuwa na matundu pande nne, na katikati kulikuwa na madoa ya zambarau.

"Hiki ni cha mwaka huu," Moza alisema. "Ndicho nilichoanza nacho."

"Haya madoa?"

"Si ile penseli ya zambarau ya karani wa kodi, anarudia nayo jina na namba nyuma ya karatasi; ukiilowesha inageuka wino. Watu walikuwa wanavuka nayo wakiogopa. Mtu mwenye hofu anatoka jasho sana, mwanangu."

Madoa yalikuwa maandishi, lakini yamegeuka. Moza alinyoosha mkono ndani akatoa kioo cha wateja, kile cha kujitazamia nguo mpya. Malimi akakielekezea kitambaa. Ndani ya kioo, kwa zambarau iliyofifia, herufi zikasimama sawasawa: *Abdillah Muh*, kisha namba, kisha mwaka.

Moza alikaa chini kwenye kizingiti. Aliziba mdomo kwa upande wa kanga.

"Basi anarudi?" aliuliza.

"Bado. Watasema fundi anaweza kuchora chochote kwenye kitambaa. Nahitaji karatasi iliyotoka hapa. Moja tu."

"Si aliyeziiba atakuwa amezichoma?"

"Pengine zile za miaka iliyopita. Hizo hazina kazi." Malimi alikikunja kitambaa, akakitia mfuko wa shati. "Mama, hawa majirani walioazima. Revocatus alikuwamo?"

"Alikuwamo?" Moza alitoa sauti ya kudharau. "Huyo ndiye aliyefundisha wenzake njia ya mlango wa nyuma. Tangu anaota ndevu hajawahi kulipa ya kwake. Wenzake walikuwa hawana. Yeye ameanza kuwa na gari na bado anatuma mtu: mama Moza, mwambie mzee aniazime, naenda Mwanza mara moja."

"Na mwaka huu nani anawaazima?"

"Nani tena? Nenda ukaone barabarani. Tangu Jumatatu kamba haijapumzika."

*

Kiwanja cha Abdillah kilishuka mpaka majini, kwenye Ghuba ya Magu. Hapo ndipo penye kina cha kutosha boti kubwa kutia nanga, na hapo kampuni ya Ziwa Dhahabu ilitaka kujenga kituo cha kupokelea sangara. Abdillah alikataa kuuza mara zote alizoombwa. Sasa nguzo za uzio zilishachimbiwa kabla hata treni haijaondoka. Kando ya nguzo palikuwa na shimo la matumbo ya samaki, na funza walikuwa wakitembea juu yake kama uji unaochemka.

Revocatus alitoka kwenye pikapu yake akiwa amevaa miwani ya jua na tabasamu.

"Karibu, afande. Harufu ya pesa hiyo, usizibe pua."

"Nimeizoea. Huko mjini tunailalia."

"Umekuja kwa habari za mzee wangu? Inaniuma sana, kweli. Amenilea yule. Lakini sheria ni sheria. Mtu si raia, kiwanja kinarudi kwa serikali, na mwekezaji yuko tayari. Wananchi watapata ajira."

"Ajira ya kuanika mapanki?"

"Ajira ni ajira."

Malimi alivua kofia, akajipepea nayo. "Uhamiaji nao wanamlaumu mzee. Wanasema vile vitambaa vya kaki ndivyo vilivyowatia wasiwasi."

"Vitambaa gani tena? Mbona vilishabanduliwa."

"Ehe?"

"Zilikwenda karatasi tupu."

"Bahasha ulipewa wazi?"

"Imefungwa vizuri kabisa, na uji..." Revocatus alisimama hapo. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Mama Moza aliniambia. Nilipokwenda kuichukua."

"Sawa," Malimi alisema, kama mtu aliyejibiwa bei ya nyanya.

Moza alikuwa msibani siku ile. Viatu vipya vya Yeremia vikafutika kichwani mwa Malimi. Mtu anaweza kununua viatu. Lakini kauli iliyoteleza si karatasi, na wakili yeyote wa Ziwa Dhahabu angeimeza na chai.

"Unakwenda mjini leo?" aliuliza.

"Kila siku nakwenda, afande."

"Kila siku? Na mgambo hawakusumbui?"

"Wanisumbue kwa lipi? Mimi ni mwananchi safi." Revocatus aligonga mfuko wa suruali ya nyuma. Aliugonga bila kufikiri, kama mtu anayehakikisha ufunguo upo.

Malimi aliutazama mfuko, kisha akalitazama ziwa.

"Basi nipe lifti. Idara haina petroli."

*

Kizuizi kilikuwa mti uliolazwa juu ya mapipa mawili. Pembeni, kwenye jua, walikaa wanaume zaidi ya kumi wamefungwa kamba moja, kifundo kwa kifundo. Wengine hawakuwa na viatu. Mzee mmoja alikuwa bado na tope la jaruba kwenye nyusi. Wakaona pikapu, wakaona nani yumo, wakatazama chini.

"Nisubiri kidogo," Malimi alisema. "Nanunua karanga."

Alishuka, akamwonyesha mgambo stakabadhi yake, akamwegemea kidogo sikioni. "Huyo dereva usimwonee aibu. Muulize kama unavyowauliza hawa."

"Yule ni mheshimiwa, afande."

"Muulize."

Kisha Malimi akapita nyuma ya gari, akachuchumaa kwa muuza karanga, pale ambapo dereva hawezi kumwona.

Mgambo alikwenda dirishani. "Risiti ya kodi, mzee."

"Wewe, hunijui?"

"Nakujua. Risiti."

"Nitakupa soda, fungua njia."

"Leo siyo siku ya soda. Huna, shuka uvuliwe viatu."

Revocatus alitazama nyuma, hakumwona Malimi. Akaitazama ile kamba. Tajiri mwenye pikapu, mwenye kampuni nyuma yake, mwenye mwekezaji anayempigia simu kutoka ng'ambo, akainua kiuno, akaingiza vidole mfuko wa nyuma, na kutoa karatasi ya rangi ya machungwa iliyokunjwa mara nne. Akaionyesha mbiombio, kama alivyokuwa akifanya tangu ujana wake.

Mgambo akaona rangi, akaurudisha mkono. Mkono mwingine ukatokea nyuma ya bega lake ukaichukua.

"Hebu niisome mimi," Malimi alisema. "Mwenzangu hasomi majina."

Aliikunjua juu ya boneti. Akatoa kile kitambaa cha kaki, akakilaza kando yake, akaiweka karatasi juu ya kitambaa. Matundu yalikaa juu ya matundu, pande zote nne. Namba ya karatasi na namba iliyogeuka kwenye kaki zilitazamana kama mtu na kivuli chake. Jina lilikuwa Abdillah Muhidin.

Mtu yule alikuwa amemwibia mzee wake karatasi tisa. Nane alizichoma ili mzee afukuzwe nchini. Moja alibaki nayo, kwa sababu kodi yenyewe, ambayo haifikii bei ya sangara mmoja wa kwenye gari lake, ilimuuma kulipa. Malimi alitema mate barabarani.

"Afande, tunaweza kuongea," Revocatus alisema taratibu. "Yule ni Mwarabu. Mimi na wewe ni watu wa hapa."

"Nipe funguo za gari."

"Fikiria vizuri. Umri wako wa kustaafu uko mlangoni."

"Funguo."

Alimtia pingu akaifunga kwenye usukani. Kisha akageuka akawaendea wanaume wa kamba, karatasi mkononi, akaiinua waione.

"Nani anaijua hii?"

Nzi walitembea juu ya magoti yao. Mgambo alikohoa, akahamisha kirungu chake kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

"Sikilizeni," Malimi alisema. "Mzee Abdillah anapakiwa leo jioni kupelekwa nchi asiyoijua. Wakili atasema karatasi hii imeokotwa. Nataka mtu aandike kwamba aliishika, na kwamba ilitoka kwa Abdillah. Atakayeandika atakuwa amekiri hakulipa. Sitamdanganya mtu hapa. Mzee mwenyewe nilimwomba majina yenu, amekataa kuyatoa."

Yule mwenye tope kwenye nyusi aliinua kichwa. Jina lake Shimba, mkulima wa pamba, nyumba yake ilipakana na ya fundi. Alimtazama Revocatus kule kwenye usukani kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mguu wake uliofungwa.

"Andika, afande," alisema. "Mimi kamba nimeshavaa."

Na aliyefungwa kando yake akasema, "Na mimi."